Volti za Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Kijiji kizima kimeona! Jana jioni Mama mkwe alishuka kwenye basi akitoka Mkumbara, tenga la kuku kichwani, nikampokea kwa taa ya umeme. Si kandili. Si kibatari. Umeme!

Nieleze, maana huenda siku moja wajukuu wakasoma humu. Taa hiyo iko kwenye nyumba ya matairi, ile aliyoiacha meneja wa shamba la mkonge kule Korogwe alipofungasha kurudi kwao. Ndogo, ya bati jeupe. Ina kitanda, kabati, redio ukutani, na betri moja ya volti kumi na mbili kwenye sanduku la nje, nyuma. Injini haina, huvutwa. Kijiji chetu cha Ujamaa kiliipata ili alale Bwana Shamba. Bwana Shamba hajatokea, mwaka wa pili huu. Mtunzaji wa nyumba hiyo ni mimi, Kibwana. Nikamwomba mwenyekiti, Mzee Mdoe, Mama mkwe alale humo. Kwangu nina chumba kimoja, na mkwe halali paa moja na mkwewe. Wala mimi siwezi kuingia anapolala yeye. Jina lake silitaji, hata humu.

Kilichomleta ni hiki. Shemeji yangu Mwinjuma, mwanawe wa pekee wa kiume, yuko kambini analijenga taifa. Aliondoka miaka miwili iliyopita amevaa viatu vya marehemu baba yake, vimejazwa matambara mbele visimvuke. Sasa ameandika barua: watu wa redio walifika kambini na mashine ya kunasa sauti. Sauti yake itatoka Jumapili hii, tarehe 13, saa kumi alasiri. Mara moja tu. Mama mkwe hajaisikia sauti hiyo tangu siku ya viatu. Nikamwandikia upesi: usiende kusimama kwenye baraza za watu, njoo kwangu, nina redio ya umeme, utasikiliza umeegemea mto. Mwinjuma mwenyewe nilishamwandikia zamani: siku ukisikika redioni, mama atasikilizia kwangu.

Na niseme ukweli. Aliwahi kumwambia Mwaija, mke wangu, kwamba ameolewa na mdomo. Mdomo! Jumapili tutaona.

Kabla hajaingia niliwasha mwenyewe taa ndogo ya kitandani. Nikamtuma Mwaija amwambie: taa hii ni yako, mkweo ameiwasha kwa mkono wake. Mita ya kupimia betri inasoma volti kumi na mbili na nusu. Hiza, dereva wa trekta la kijiji, aliichaji betri jana kutwa. Huyu Hiza ni Msambaa wa milimani, na anajiona fundi kwa sababu ana redio ndogo ya betri kavu, anaibeba kwapani kila aendako. Redio ya kubeba! Hata haya haoni.

Jumanne, 8 Agosti

Mita: volti kumi na mbili, tena kwa shida. Nusu nzima imekwenda wapi? Redio hatujaiwasha hata mara moja. Nimeikataza mpaka Jumapili.

Hiza. Nani mwingine? Nikamfuata shambani, nikamwambia umeme wake haukai. Akacheka mpaka akashika usukani. Akasema umeme hauna wa Kisambaa na wa Kizigua, nikatazame kuna nini kinachowaka mle ndani. Nikamwambia mle ndani analala mkwe wangu. Akageukia usukani wake. Hilo hata yeye analijua.

Mpango wa kwanza: kusafisha vichwa vya betri. Vilikuwa na ukungu wa kijani. Nikavisugua kwa magadi na maji moto, povu likatoka, nikafurahi sana. Povu likanirukia suruali. Sasa suruali ina matundu saba. Ni ile ya sikukuu ya Idi.

Wakati nasugua, Mama mkwe alikuwa mlangoni, amenipa mgongo kama heshima inavyotaka. Hasemi nami. Husema na kuku wake, kwa sauti ambayo nitaisikia. Alimwambia kuku kwamba mkwe wake anafanya kazi sana, apumzike, ale. Sikumjibu. Nilimwambia kuku mwambie mama hakuna kuchoka. Kuku akaenda zake.

Ametaga humo humo ndani, Mwaija anasema. Kuku wa safari kutaga siku ya pili! Ni umeme huo.

Jumatano, 9 Agosti

Volti kumi na moja na nusu. Usingizi umenitoka.

Nilifungua vifuniko vya betri, nikakuta maji yamepungua, bati za ndani zinachungulia. Nimegundua! Betri ina kiu. Nikadandia lori la mkonge mpaka Korogwe, nikaenda Masuguru kwa fundi Filemoni, ambaye amezaliwa na grisi kucha zote kumi. Akanipa maji ya betri kwenye chupa ya sharubati. Akanionya nisitie maji ya kisima hata kwa bunduki.

Kisha akaanza kunifundisha, na mimi sikuja kufundishwa. Akasema: zima kila kitu. Chomoa waya mmoja wa betri, halafu uguse kidogo pale pale. Ukiona cheche, kuna kitu kinakula umeme ndani. Basi kitafute, kimoja kimoja, mpaka cheche ife. Akarudia mara tatu. Nikamwambia nimeelewa tangu ya kwanza. Akaniuliza ni nini kinawaka ndani ya hiyo nyumba. Nikamwambia hakiwaki kitu, ndani amelala mwanamke mtu mzima anayejiheshimu.

Nimerudi na chupa mapajani, kwenye vumbi la Segera, nimeikumbatia. Abiria mmoja akaomba funda.

Mwaija kanieleza jambo nilipofika. Mama yake usiku hulala ameshika barua ya Mwinjuma. Hajui kusoma. Huishika tu. Mchana huikunja akaitia kwenye kabati, jioni akaitoa. Niliposikia hayo nilitoka nje nikaenda kuitia betri maji, polepole, tundu moja moja, bila kumwaga.

Alhamisi, 10 Agosti

Jaribio la fundi Filemoni. Nikamwambia Mwaija ahakikishe redio imezimwa. Imezimwa. Nikachomoa waya. Nikagusa. CHECHE! Ndogo, ya buluu, lakini cheche.

Nikakaa chini nikafikiri kama mtu aliyesoma. Kinachokula ni nini? Ndani hakuna kitu. Nje hakuna kitu. Chini je? Chini kuna ardhi! Nyumba imekaa ardhini siku zote hizi. Umeme unavuja kupitia matairi unaingia kwenye udongo. Ndiyo maana majani pale chini yamestawi hivyo.

Mpango wa pili: kuinyanyua. Nilihitaji jeki, na jeki ni ya trekta, kwa hiyo nilimhitaji Hiza. Akaja. Akasema mpira wa tairi haupitishi umeme. Nikamwambia labda mpira wa milimani. Akatikisa kichwa, lakini alinisaidia, na trekta likawa linanguruma pale pale likichaji betri kwa saa mbili. Tukaweka magogo manne ya mvule. Mama mkwe alikuwa ndani wakati wote. Alikataa kutoka, alikuwa anachambua mchele. Nyumba ikapanda upande mmoja, ikainama, ikapanda upande wa pili. Tukamsikia anamuuliza kuku kama tunahamia Handeni mjini au tunaishia Kabuku.

Hiza akafuta mikono, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba yeye si mkwe wa mtu pale. Anaweza kubisha hodi, akaingia, akatazama waya na taa kwa dakika moja. Nikamwambia kamwe! Mwanamume mwingine aingie anapolala mkwe wangu, mimi nimesimama nje na mita? Kijiji kitasemaje?

Volti kumi na mbili na robo baada ya kuchaji. Nyumba imeinama kidogo kuelekea magharibi. Haidhuru.

Ijumaa, 11 Agosti

Baada ya swala nikaenda kupima. Kumi na moja na nusu.

Nyumba haigusi ardhi hata kwa ukucha!

Nikapiga magoti pale kwenye sanduku, nikazungumza na betri kama mtu na ndugu yake. Nikaiambia Jumapili ni kesho kutwa. Nikaiambia habari za viatu na matambara. Kuku akaja akasimama pembeni, akasikiliza.

Mpango wa tatu: ukaguzi rasmi. Mwaija ndani, mimi nje dirishani nimegeuka, nampa maagizo. Swichi ya dari? Imezimwa. Swichi ya kabatini? Imezimwa. Pampu ya maji? Imekufa tangu enzi za meneja. Redio? Imezimwa. Mwaija akauliza, na taa ya kitandani? Maana pale pamefunikwa tenga la kuku, na juu ya tenga kuna kanga, haoni kitu, alifunue? Nikamwambia aache vitu vya mama yake. Taa ile niliiwasha mimi kwa mkono wangu. Nyingine zote nina shaka nazo, ile siwezi kuwa na shaka nayo.

Kwa hiyo ndani hakuna kosa. Nimeandika kwenye karatasi na Mwaija ametia dole gumba, ingawa anajua kuandika.

Jioni Mama mkwe alimwambia kuku kwamba Mwinjuma alipokuwa mdogo alikuwa na kigugumizi. Akasema anaogopa kigugumizi kisije kikamshika mbele ya mashine ya redio, watu wakacheka. Akasema akicheka mtu, yeye atamjua. Nilikuwa nakunja waya. Niliukunja ule ule mara sita.

Jumamosi, 12 Agosti

Kumi na moja kasoro kidogo.

Trekta limekwenda Handeni na mahindi ya kijiji, halirudi mpaka kesho mchana. Hakuna kuchaji. Kabla hajaondoka Hiza alipita kwangu. Akasema atawahi kurudi, na kama mambo yatakuwa magumu, ile redio yake ndogo ipo, betri kavu ni mpya. Akayasema taratibu, Mwaija asisikie, aninusuru na aibu. Nikamshukuru kwa ukali. Nikamwambia Mama mkwe hakutoka Mkumbara kuja kusikiliza kidude cha kwapani.

Mwaija akauliza swali la kitoto: kwa nini nisichomoe waya wa betri sasa hivi, nikaurudisha kesho saa kumi? Nikamweleza kwa subira kwamba betri isiyo na kazi hulala, na ikilala kuiamsha ni taabu. Akanitazama. Akasema kumbe. Ana namna yake ya kusema kumbe.

Mpango wa nne: kuipasha joto. Kuku anataga kwa sababu ya joto, betri nayo ina nini cha tofauti? Nimeivika sweta langu. Nimeizungushia gunia. Nimekaa nayo juani alasiri nzima. Mzee Mdoe alipita, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Kumi na tatu robo tatu. Hapana, nimeandika kwa hofu. Kumi na robo tatu.

Jumapili, 13 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Saa tisa na nusu. Mama mkwe amevaa kanga mpya. Amenawa uso mara mbili. Amekaa kitandani, dirisha wazi. Mwaija amekaa naye. Mzee Mdoe na majirani wako nje kwenye mikeka. Mimi niko nyuma, kwenye sanduku la betri, mahali pangu. Hiza amefika, vumbi mpaka nyusi, amesimama mbali chini ya upenu wa ghala, kidude kwapani. Nikajifanya simuoni.

Saa kumi kasoro dakika tano. Nikampa Mwaija ishara. Redio ikawaka! Ikaimba! Watu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, niliinama kama mtu anayepokea medali. Mtangazaji akasema sasa tunasikiliza vijana wetu wa kambini. Kijana wa kwanza, wa Iringa, akawasalimu wazazi. Wa pili akaanza. Sauti ikawa nyembamba. Ikawa ya mbu. Ikakata.

Kimya.

Nikatikisa waya. Nikaipiga betri. Nikaibusu. Kupitia bati nikasikia sauti ya Mama mkwe, na safari hii hakuwa anasema na kuku. Alikuwa anasema jina tu: Mwinjuma, Mwinjuma, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aliyejificha.

Nikasimama. Sikufikiri kuhusu kijiji wala mdomo. Nikapiga kelele: Hiza! Ingia! Ingia ndani, wewe unaruhusiwa!

Alikuwa keshaanza kukimbia. Akabisha hodi, akatoa shikamoo, akaingia, nikasikia kidude kinakoroma, kikatafuta, kikapata. Na hapo hapo, wazi kabisa:

“Mama, shikamoo. Mimi Mwinjuma. Ni mzima. Ki-ki-kigugumizi bado ninacho, lakini hapa hawanicheki. Mama, viatu vya baba sasa vinanitosha. Nimetoa matambara yote. Msalimie dada Mwaija. Msalimie shemeji Kibwana, mwambie asante kwa redio yake.”

Basi. Akafuata mwingine.

Hakucheka mtu. Mzee Mdoe alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mimi nilikuwa nimekaa chini nyuma ya nyumba, nimekumbatia betri iliyovaa sweta langu, nalia bila kujificha. Asante kwa redio yake! Yangu!

Ndipo Hiza akatokeza kichwa dirishani. Akaniuliza kama najua kwamba taa ya kitandani inawaka. Alisogeza tenga apate pa kuweka redio, akaikuta chini yake, imefifia, nyekundu kama kaa la jiko linalokufa. Inawaka tangu Jumapili iliyopita. Siku saba, usiku na mchana.

Mwaija akamuuliza mama yake kwa nini hakuizima. Mama mkwe akamgeukia kuku, akamweleza yote. Kwamba kwa bibi yake alifundishwa hivi: moto uliowashwa na mkwe hauzimwi na mkono wako, ukiuzima umemfukuza. Kwamba mkwe wake alituma salamu kuwa ameiwasha mwenyewe. Kwamba mwanga ulimnyima usingizi, ndipo akaifunika na tenga, na kanga juu, asionekane ameikataa. Kwamba anajua maneno aliyowahi kuyasema kuhusu mdomo, na hakutaka kumkosea mara ya pili.

Hiza akaizima. Tik.

Halafu Mama mkwe akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaja mlangoni, akatazama upande wangu, mimi mwenyewe na suruali yangu ya matundu saba, akasema: “Kibwana, mwanangu, ahsante.” Akafunika uso kwa kanga, akarudi ndani haraka. Jina langu! Machoni pangu!

Jumatatu, 14 Agosti

Hiza amechaji kutwa. Volti kumi na mbili na nusu, na jioni bado kumi na mbili na nusu. Imekaa kimya kabisa, haijashuka hata nukta. Nimemwambia kwamba nilikuwa nimebakiza kuangalia taa hiyo tu. Akasema ndiyo. Akanisaidia kuondoa magogo.

Mama mkwe alikuwa arudi Mkumbara Jumatano. Lakini kuku ameatamia mayai sita ndani ya tenga, kando ya kitanda, na kuku wa mayai hasafirishwi. Atakaa mpaka vifaranga. Siku ishirini na moja! Mwaija ameimba akisonga ugali.

Nimewaza. Nimejifunza somo kubwa kuhusu umeme. Kosa halikuwa la mtu, lilikuwa la mahali pa swichi. Swichi ikiwa ndani, mkwe hawezi kuizima, na mimi siwezi kuingia. Basi swichi iwe nje! Niiwashe mimi, niizime mimi. Nashangaa wazungu hawakuliona hili.

Jumatano, 16 Agosti

Imekamilika. Hiza aliingia akafunga waya, mimi nikafunga swichi nje, ukutani, usawa wa bega langu. Na si ile taa ndogo tena. Hiza ana globu ya akiba ya taa ya mbele ya trekta. Aliniambia inakula sana. Nikamwambia aliyeniita mwanangu haangaziwi na kaa la jiko.

Niliiwasha jana magharibi. Nyumba nzima ikawa nyeupe, mpaka kwenye mahindi. Nikamsikia Mama mkwe anamwambia kuku kwamba taa hii ni ya mwanawe Kibwana.

Asubuhi nikaenda kuizima. Nikaweka kidole kwenye swichi. Yeye alikuwa ndani, barua mapajani, anamsimulia kuku habari za viatu kwa mara ya mia, akicheka peke yake, na mwanga wangu umemwangukia begani. Nikaondoa kidole. Nikaenda, nikarudi adhuhuri. Bado anasimulia. Jua limewaka, na taa imewaka, na yeye amekaa katikati ya vyote viwili.

Ni taa ya mkwe sasa. Nitaizima kwa mkono upi?

Mita, alasiri hii: volti kumi na moja kasoro kidogo. Sielewi kabisa. Kesho asubuhi na mapema namfuata Hiza. Lile trekta lake lina kitu.